Weka Nyundo Chini: Majibu ya Usukani Uliogoma

Shikamoo fundi. Nimerithi Land Rover Series IIA ya baba. Nataka kuutoa usukani, lakini nimetafuta nati katikati yake, siioni. Nianzie wapi? (Iringa)

Marahaba. Huioni kwa sababu haipo. Usukani huo umebanwa na boliti moja inayopita ubavuni mwa kitovu, yaani sehemu ya katikati ya usukani. Itoe yote, usiishie kuilegeza, kisha ingiza bisibisi bapa kwenye ufa wa kitovu uutanue kidogo sana. Nati ya katikati utaikuta kwenye Series III. Fundi anayekwambia Land Rover zote ni moja usimkabidhi gari la marehemu.

Langu lina nati ya katikati. Niitoe kabisa ndipo niuvute usukani? (Nakuru)

Hapana. Iache ishike nyuzi mbili tatu. Usukani ukichomoka ghafla, meno yako ndiyo yatakayoupokea.

Fundi wa mtaani anataka kugonga ncha ya shafti, kile chuma kinachobeba usukani, kwa nyundo mpaka usukani uachie. Nimruhusu? (Morogoro)

Usimruhusu. Nimeshalijibu hili mara nyingi mno, na bado kila mwezi naletewa magari yaliyoumizwa hivi. Nieleze tena, taratibu.

Unapogonga ncha ya shafti, pigo haliishii pale. Linashuka hadi kwenye boksi ya usukani na kuzipiga bearing zake, vitu ambavyo havikutengenezwa kupokea kishindo. Kwenye magari mengi ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea kuna hatari kubwa zaidi. Marekani ilianza kulazimisha mwaka 1968 kwamba usukani usimchome dereva kifuani gari linapogonga, na viwanda vikatengeneza shafti inayojikunja. Nyingine zimeshikwa kwa vipini vidogo vya plastiki, na nyundo moja inatosha kuvikata. Gari litawaka na litakwenda, lakini usukani utachezacheza mkononi, na kinga ile utakuwa umeshaiharibu.

Niliwahi kuletewa Peugeot 504 iliyogongwa namna hiyo. Usukani ulikuwa haujatoka, ncha ya shafti imetawanyika kama uyoga, nati haiingii wala haitoki. Kazi ya saa moja ikawa ya kutafuta shafti nzima, na spea za gari lile hazijazagaa madukani.

Kinachotakiwa ni pula, kifaa cha kuvuta usukani utoke kwenye shafti kwa kukaza boliti. Tazama kitovu: magari mengi yana matundu mawili yenye nyuzi, yamewekwa kwa kazi hiyo hiyo. Funga boliti za pula humo, ziingie sawasawa pande zote mbili, kisha kaza boliti ya katikati. Usiishike pula kwenye mikono ya usukani wala kwenye duara, vitapinda. Kama hakuna matundu, kaa kitini, sukuma usukani kwa magoti kutoka nyuma huku ukiuyumbisha kushoto na kulia. Volkswagen Beetle nyingi huachia hivyo hivyo. Nati yake ni ya milimita 27.

Niko Mombasa. Gari lilifungwa usukani wa michezo wenye kitovu cha alumini miaka mingi iliyopita. Hata pula imeshindwa.

Pole. Alumini ikikaa juu ya chuma kwenye hewa ya chumvi, huliwa, na ule unga mweupe hujaa katikati ya meno ya shafti, yale yaliyochongwa kwenye ncha yake, na kuyabana. Tia mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni kwa siku tatu. Usiharakishe. Siku ya nne futa mafuta yote, kaza pula kiasi, halafu pasha kitovu kwa mashine ya hewa moto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, kwa hiyo joto liko upande wako. Kaza robo mzunguko, ngoja, pasha tena. Moto wa gesi usiukaribishe: plastiki na nyaya za honi ziko hapo hapo.

Na usukani wake wa asili, kama bado upo stoo, urudishe. Inaniuma kuona watu wanatupa usukani wa kiwandani ambao leo hawawezi kuupata tena.

Gari langu lina begi la hewa kwenye usukani. Hatua ni hizo hizo? (Mwanza)

Sizo. Mpelekee fundi aliyesomea mfumo huo.

Nimeurudisha usukani, sasa gari likienda moja kwa moja usukani umelala upande, na indiketa hairudi yenyewe. (Dodoma)

Hukuweka alama. Kabla ya kuvuta, matairi yatazame mbele, betri iwe imechomolewa, na upige mstari wa rangi kutoka kwenye shafti hadi kwenye kitovu. Sasa nyoosha matairi, toa tena, usogeze jino moja moja mpaka ukae sawa. Usijaribu kuunyoosha kwa kuzungusha tairodi, ile fimbo inayogeuza tairi, upande mmoja. Nati funga mpya, na uikaze kwa spana ya kipimo kwa kadiri ya kitabu cha gari lako. Beetle ni kama Nm (newton-mita) 50. Kisha vuta usukani kwa nguvu kuelekea kifuani kabla hujatoka getini.