Urembo wa Gari Kuukuu Ukibanduka, Usikimbilie Gundi

Msomaji ameniletea swali la mstari mmoja: mkanda wa plastiki wa ubavuni mwa mlango umebanduka mara ya tatu, je, gundi ipi ni kali kuliko zote? Keshatumia supa gluu mara mbili na silikoni mara moja. Namjibu hapa kwa sababu wenye magari makuukuu karibu wote huuliza hivyo hivyo. Wanaulizia gundi. Uso ambao gundi hiyo itaushika hakuna anayeuulizia.

Supa gluu ikikauka huwa ngumu na hukatika upesi. Juani plastiki hutanuka kuliko bati, jioni vyote viwili hunywea, na kilicho kigumu katikati hupasuka. Silikoni inanyumbulika, ila ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na rangi ikiwa na mkwaruzo inaita kutu. Tena huacha utelezi ambao tepu haiushiki, wala rangi mpya. Kwa hiyo huyu ndugu ana kazi ya kusugua silikoni kabla ya kazi yenyewe.

Kiwandani mikanda ya aina hii hushikwa na tepu ya pande mbili ya povu la akriliki, yenye unene wa milimita moja hivi. Povu hilo huvutika bati na plastiki vinapopishana, kisha hurudi. Nunua tepu ya magari yenye povu hilo, si ile ya kubandikia picha ukutani.

Kama mkanda bado umeng'ang'ania nusu, usiuvute. Bandika kwanza tepu ya karatasi kwenye bodi kufuata ukingo wake wa juu, ndiyo alama yako ya kurudishia. Pasha moto kwa kikausha nywele hadi mkono uone joto lakini usiungue, pitisha uzi wa kuvulia samaki nyuma yake, ukate kwa kuvuta huku na huku kama msumeno. Bisibisi ya chuma iache kwenye boksi. Hukwaruza rangi, na urembo wa kromu ukishapindwa nayo haunyooki vizuri tena.

Sasa usafi, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Tepu ya zamani itoke yote, kwenye bodi na kwenye mkanda. Kwenye rangi, gurudumu la mpira linalofungwa kwenye drili hulitafuna povu bila kukwaruza, mradi drili izunguke polepole na usiliache mahali pamoja, maana joto lake huunguza rangi. Kwenye plastiki usilitumie. Kwangua kwa kipande cha plastiki. Mabaki ya gundi yalainishe kwa tapentaini ya madini. Hiyo nayo huacha mafuta, kwa hiyo malizia kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, na kitambaa kisichoacha nyuzi. Futa kuelekea upande mmoja, geuza kitambaa, futa tena. Kufuta kwa kuzungusha ni kuhamisha uchafu tu.

Kisha pima rangi yenyewe: bandika tepu ya karatasi, ikandamize, ibandue kwa ghafla. Ikija na rangi, acha kazi hiyo. Tepu haiwezi kuwa imara kuliko rangi iliyoishika, na gari lililopakwa upya kwa haraka humfedhehesha mwenyewe hapo.

Uweke mkanda mahali pake ukiwa mkavu, bila tepu. Ncha zikijiinua zenyewe, zipashe moto uzinyooshe mpaka utulie bila kushikiliwa. Tepu hustahimili mvuto uliosambaa, lakini ncha inayojikunja huimenya kidogo kidogo kama ganda la ndizi. Naamini mkanda wa mlango uliobanduka mara tatu una ugonjwa huu. Angalia pia alama nyuma ya plastiki: ikiandikwa PP au TPO, ni plastiki inayokataa gundi, na inahitaji kupakwa praima ya kushikisha kabla ya tepu.

Tepu iwe nyembamba kuliko mkanda, ikiacha milimita 2 kila ukingo, na usiivute unapoilaza nyuma ya mkanda, maana itanywea baadaye. Menya karatasi yake sentimita 5 kila ncha, zikunje zitokeze nje, panga mkanda kwenye alama, shikiza ncha, ndipo uivute karatasi iliyobaki. Kandamiza kwa kidole gumba au rola, kwa nguvu, urefu wote. Joto zuri ni nyuzi 21 hadi 38. Chini ya 10 gundi hukakamaa, haienei. Baada ya dakika 20 imeshika kama nusu ya nguvu zake, saa 24 kama asilimia 90, na saa 72 ndipo inakamilika. Kwa siku hizo tatu usilioshe gari, na mashine ya maji ya kasi isielekezwe ukingoni hata baadaye.

Urembo wa juu ya matairi na wa chini ya milango kwa kawaida hushikwa na klipu, na mara nyingi skrubu za upande wa ndani. Klipu za zamani hukauka zikavunjika zinapong'olewa, basi ziwe tayari mpya, na mbili tatu za ziada. Usitoboe mlango uweke skrubu mpya: unaingiza maji, na ndani kuna nyaya na mitambo ya kioo. Tundu lenye kutu lisugue hadi chuma kionekane, paka praima na rangi, ikauke, kisha zungushia klipu pete ya butili, mpira laini unaonata, kuzuia maji. Klipu ikiingia kwa ulaini na kuchezacheza, itoe; ama kutu imelipanua tundu, ama saizi si yake, na kuijaza gundi hakutaisaidia.