Mkimaliza kucheza vita, msiachane hivyo hivyo

Asalaam aleikum jamani. Wiki hii nimepata meseji za vijana wa Malindi na mmoja wa Faza, wote wanataka kuanzisha kundi la lapu na wote wanauliza kitu kimoja, panga zinatengenezwa na nini. Panga nitawaambia ila panga sio kazi, kazi iko mwisho wa mchezo, na hiyo mimi nimeijua kwa kumuumiza mtu.

Kwa asiyejua, lapu ni mchezo mnaovaa uhusika mkaucheza kwa mwili mzima, masaa ama siku nzima, hakuna jukwaa wala mtazamaji, kila aliyepo yumo ndani. Wamarekani walishaanza kupigana na panga za sponji 1977, na 1982 Waingereza wakawa wanachezea ndani ya kasri la Peckforton. Mzazi akikwambia ni mambo ya kitoto mwambie Denmark kuna shule ya bweni, Østerskov, tangu 2006 wanasomesha masomo kwa mchezo huu huu.

Sasa panga. Chukua bomba la plastiki jembamba, livike sponji ya godoro kuukuu unene wa vidole viwili kila upande, na kwenye ncha bomba lisifike mwisho, acha sponji tupu kama kiganja hivi kisha zungushia tepu. Jipige nayo pajani kwa nguvu, ikiuma haiingii mchezoni. Kichwa na shingo hapigwi mtu. Waliocheza kirumbizi, ule mchezo wetu wa kupigana fimbo kwa ngoma, wanashika haraka sana hii mana wameshazoea kuzuia mkono.

Mchezo wetu mkubwa ni vita vya Shela, kijiji cha ufukweni hapa kisiwani Lamu. Mnavijua, mwanzoni mwa karne ya 19 watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa walishuka Shela kuipiga Lamu wakapigwa wao, na wazee husimulia walipokimbilia vyombo vyao wakakuta maji yametoka, vyombo vimekaa mchangani. Basi na sisi tunafuata maji, tunachagua bamvua, siku maji yanapojaa na kutoka sana, tunaanza baada ya alfajiri na saa nne saa tano hivi maji yameshatoka kabisa, vita vinaishia pale pale ufukweni, adhuhuri haijaingia.

Mwaka juzi mimi ndiye niliyeandika wahusika. Rafiki yangu mmoja nilimpa mjumbe wa Pate, mwengine nikampa mzee wa Lamu anayemkatalia, na nikamwandikia amwambie mbele ya watu wote, wewe ni mtu wa kuja, huna kwenu hapa. Alivyoisema ilinyamaza Shela nzima, nikaona mchezo umenoga kweli. Sikufikiria kwamba yule wa Pate familia yao kweli ilitoka Pate ikahamia Langoni, mtaa wa hapa Lamu, yeye akiwa mdogo, na neno hilo amelisikia tangu madrasa. Mchezo ukaisha, watu wakapanda boti, tukaachana. Wawili hawa walikuwa wanakaa baraza moja kila jioni, na baada ya siku ile ikapita zaidi ya mwezi hawapeani hata salamu.

Wacheza lapu wa Norway, Sweden, Denmark na Finland, ambao wana mkutano wao tangu 1997, wanasema hisia za mhusika huvuja zikamwingia mchezaji, na za mchezaji zikamwingia mhusika. Hiyo ndiyo iliyotokea kwetu na ilikuwa juu yangu kuizuia. Nilienda nyumbani kwa yule wa Pate nikamwomba radhi mbele ya mamake.

Kwa hivyo kabla hujaandika mhusika yeyote muulize mtu pembeni, nyinyi wawili tu, kitu gani hataki kiguswe, na usimdai sababu. Pili muwe na neno la kusimamisha, na lisiwe neno ambalo mhusika anaweza kulisema. Sisi letu ni nanga, mtu akisema nanga wote wanasimama, panga chini, haulizwi kwanini. Tatu, na hii ndiyo nawasihi sana, asipande mtu boti kabla hamjakaa. Tunakaa duara mchangani, kila mtu anavua kilemba chake kwa mkono wake, anataja jina lake la kweli na kwao, kisha anamtazama aliyemtukana ama kumsaliti anamwambia yale yalikuwa ya fulani si yangu. Halafu mahamri na kahawa. Inachukua nusu saa, na ukiona mtu amekaa kimya sana mfuate jioni kwao.

Bamvua iliyopita yule rafiki yangu aliomba mwenyewe awe mjumbe wa Pate tena. Tulivyokaa akavua kilemba, akakikunja pajani taratibu, akataja jina lake akasema kwetu Langoni. Na aliyekuwa anamimina kahawa alikuwa yule yule mzee wa Lamu, akampa kikombe cha kwanza.