Maswali ya wasomaji: Mnunuzi anakuja Jumamosi na nyumba haijakaa sawa

SWALI: Dada habari za kazi. Tunauza nyumba yetu, tumekaa humu miaka 14 na watoto watatu kwa hiyo vitu vimepanda juu ya vitu. Leo Jumanne, dalali kapiga simu anasema Jumamosi analeta watu wa kwanza. Mi nimeshaanza kufua mapazia, mume wangu ananicheka, anasema mtu ananunua nyumba hanunui mapazia. Halafu kuna jambo linaniuma, wifi yangu alikuja juzi akasema nyumba inanuka kama nguo zilizokaa uvunguni. Mi hiyo harufu siisikii kabisa! Nianzie wapi? – Mama wa Watatu

JIBU: Pole mama, na mwambie baba watoto safari hii kashinda, ila nusu tu. Mapazia yaache kwanza, kama muda upo yatafuliwa Alhamisi. Anza kutoa vitu kabla hujagusa dekio, manake ukideki sasa hivi utakuwa unayazunguka maboksi, na keshokutwa ukiyasogeza unakuta vumbi limekusubiri palepale.

Ingia chumba kimoja kimoja, kila unachoshika jiulize kama utakihitaji kati ya leo na siku ya kuhama, kama hukihitaji kinaingia kwenye boksi na juu ya boksi unaandika kilichomo. Si unahama hata hivyo? Basi hapo umeshaanza kufunga mizigo. Ila tafadhali, maboksi usiyarundike chumba cha wageni halafu ukafunga mlango, kila mtu anafanya hivyo na kila mnunuzi anaufungua huo mlango. Omba kona kwa ndugu au jirani. Makabati nayo yanafunguliwa, mtu anataka kujua nguo zake zitaenea, sasa akikuta limeshindiliwa mpaka mlango unajifungua wenyewe anaondoka akiamini nyumba haina pa kuwekea vitu, hata kama kabati lako ni kubwa mara mbili ya lake. Acha kama theluthi moja wazi. Na sebuleni kama watu wanapita kwa ubavu, toa kiti kimoja au viwili, chumba kitakua chenyewe.

Sasa harufu. Wifi yako hajakuonea. Pua ikikaa na harufu moja muda mrefu inaacha kukuambia, ndo maana aliyejipulizia marashi asubuhi ikifika mchana yeye hayasikii ila waliobanana naye kwenye lifti wanayasikia. Kwa hiyo kwenye hili pua yako haina kura. Toka nyumbani masaa kadhaa, ukirudi simama mlangoni, fumba macho, vuta pumzi kabla hujaingia ndani. Una sekunde chache tu kabla hujazoea tena. Au mwite huyohuyo wifi azunguke anyooshe kidole inakotoka, najua inauma lakini ni bora aseme yeye kuliko aseme mnunuzi.

Mara nyingi utaikuta kwenye vitu vya kitambaa, yaani zulia, makochi, magodoro, na hizo nguo za uvunguni kama zipo kweli. Halafu kuna sehemu zinazosahaulika. Friji, ule mpira wa mlango una mikunjo, ifunue kwa kidole upitishe tambara lenye sabuni, utashangaa kinachotoka humo. Ndoo ya taka, sio taka, ndoo yenyewe, igeuze uisugue kitako. Chujio la sinki. Ukimaliza fungua madirisha ya pande mbili hewa ikatize. Usimalizie kwa kupuliza manukato, mi binafsi nikiingia nyumba nikapokewa na manukato makali kitu cha kwanza najiuliza wanaficha nini. Na kuanzia Ijumaa jioni usikaange kitu.

Usafi wenyewe nenda juu kushuka chini, la sivyo unafanya kazi mara mbili. Panga boi lizime, chukua foronya kuukuu, livishe bapa moja moja kama unavyovisha mto, bana na uvute taratibu, vumbi lote linabaki ndani ya foronya badala ya kumwagika kitandani. Madirisha usioshe jua likiwa linayapiga, sabuni inakauka kabla hujaifuta na inaacha michirizi. Ndani futa kwa mistari ya kulala na nje futa kwa mistari ya kusimama, ukiona mstari umebaki unajua uko upande gani bila kuingia na kutoka mara kumi.

Lakini nikwambie pa kutumia nguvu zako ni pale mikono inaposhika. Nenda kaitazame swichi ya korido sasa hivi, nakusubiri. Si umeona duara la kijivu kuizunguka, limekolea upande mmoja pale watoto wanapopapasa ukuta gizani? We hulioni kwa sababu umelizoea miaka 14, mgeni analiona kwa sababu na yeye anataka kuwasha taa. Hapo unazima umeme, unachukua tambara lenye sabuni ulilolikamua sana, unafuta polepole, usije ukapulizia maji kwenye swichi. Fanya hivyohivyo kwenye vitasa, ukingo wa milango, na makabati ya jikoni chini kidogo ya mpini, pale kuna mafuta yaliyoganda ambayo hayasikii kusuguliwa makavu, paka maji ya moto yenye sabuni ya vyombo, kaa dakika kumi, ndo ufute.

Bomba linalodondosha libadilishiwe washa, yaani kile kipete cha mpira ndani ya koki, wiki hii hii, ni kifaa kidogo tu na fundi hamalizi hata saa. Mtu akisikia tone moja bafuni anaanza kuwaza na paa likoje. Bawaba zinazolia tia tone la mafuta. Balbu zilizoungua badilisha, na chumba kimoja kisiwe na balbu ya njano na nyingine nyeupe, inaonekana kama umeokoteza.

Jumamosi yenyewe fungua mapazia yote (ukiwa umeyafua au hujayafua), ficha dawa, hati, funguo za akiba na vito, manake hao ni watu usiowajua. Kisha chukua watoto mkatembee, dalali abaki. Mwenye nyumba akiwa amekaa kwenye kochi mnunuzi anaona aibu kufungua kabati, anazunguka dakika tano anaaga.

SWALI: Dada, chumba cha nyuma kina mabaka meusi ya ukungu kwenye kona ya dari na ukuta. Nina ndoo ya rangi nyeupe imebaki, nikipiga mikono miwili kitaonekana kitu? Watu wanakuja baada ya wiki mbili. – Kaka Mwenye Brashi

JIBU: Kaka weka brashi chini. Siku hiyo ya kuja kutazama pengine hakitaonekana kitu, ila ukungu unaishi kwa unyevu na rangi haikaushi ukuta, kwa hiyo mabaka yatachungulia tena, na safari hii yatamchungulia mwenye nyumba mpya. Nchi nyingi sheria inamruhusu mnunuzi kumdai muuzaji aliyeficha kasoro aliyokuwa anaijua, usijiletee kesi kwa ajili ya ndoo ya rangi.

Tafuta maji yanatoka wapi. Ukiona doa la kahawia lenye mipaka kama ramani, na linakolea mvua ikinyesha, hapo kuna kitu kinavuja juu, paa au mfereji wa maji ya mvua. Kama ni vidoa vyeusi kwenye kona ya baridi au nyuma ya kabati lililogandana na ukuta, basi mara nyingi ni mvuke, watu wanaanika nguo ndani na dirisha halifunguliwi. Huo mvuke dawa yake ni hewa, sogeza kabati kidogo kutoka ukutani na nguo zianikwe nje.

Ukishaziba chanzo ndo unasafisha: barakoa, glavu, dirisha wazi, maji ya sabuni. Usipige brashi kavu, utarusha vumbi la ukungu chumba kizima na kulivuta mwenyewe. Acha pakauke kabisa, siku kadhaa sio masaa. Dari la jipsamu likiwa limelowa mpaka linabonyea kwa kidole halisafishiki hilo, fundi alikate aweke jipya. Rangi sasa ipige, lakini ukuta mzima kutoka kona mpaka kona, kiraka cheupe katikati ya rangi iliyochuja kinapiga kelele kuliko ukungu wenyewe. Risiti ya fundi itunze, mnunuzi akiuliza unamwonyesha.

SWALI: Shikamoo dada. Nyumba tunayouza imekaa tupu miezi minne. Tumesafisha mpaka mikono imechubuka lakini bafuni bado kuna harufu ya maji taka. Jana nikaona isiwe tabu, nikamwaga jiki na siki kwa pamoja, nikakohoa hasa na macho yakawasha, na harufu iko palepale. Tatizo nini? – Mdogo Wako

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na usirudie! Jiki ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini, ndo hiyo iliyokukohoza. Usichanganye jiki na kitu chochote zaidi ya maji, na dawa zenye amonia ndo usisogeze kabisa. Ikitokea tena toka nje haraka, usibaki kusuuza. Na kama mpaka leo kifua kinabana nenda hospitali ukawaambie ulivuta nini.

Harufu yenyewe nadhani haihusiani na uchafu. Chini ya sinki kuna bomba limepinda kama herufi U, na la bafu lina mtego wake huko sakafuni. Hapo kwenye kipindo maji hukaa muda wote, ndo yanayozuia hewa ya maji taka isipande. Miezi minne hamna aliyefungua koki, maji yamekauka, njia iko wazi. Mwaga lita moja au mbili kwenye kila tundu, la bafu, la sinki, hata lile la sakafuni, na uvute choo. Juu yake tia kijiko cha mafuta ya kupikia, yataelea na kuchelewesha maji kukauka. Ikipita siku na harufu bado ipo, mwite fundi bomba, kutakuwa na ufa au kiungio kimelegea.

Siki sio mbaya, kwenye ule mstari mgumu unaoachwa na maji ya chumvi inafaa sana, lakini iwe peke yake na baada ya kusuuza jiki yote ikaisha. Kama sinki ni la jiwe halisi la marumaru siki usiitie, inalila.

SWALI: Nina paka wawili, watu wakija niwafungie chumbani? – Mwenye Paka

JIBU: Hapana, chumba kilichofungwa si ndo kitafunguliwa! Wapeleke kwa rafiki siku hiyo, pamoja na mabakuli yao na lile sanduku la mchanga, kuna watu wana aleji. Manyoya kwenye kochi usihangaike na ufagio, vaa glavu ya mpira, ilowanishe kidogo, pitisha kuelekea upande mmoja tu, yatajiviringisha yenyewe mpaka unayaokota kwa vidole viwili.