Ukienda Kilwa, lala gesti ya Bi Mkubwa

Juzi dada mmoja wa Kamalondo, huku kwetu Lubumbashi, ameniandikia. Anashuka Dar es Salaam kufuata mzigo wake bandarini, anataka apitie Kilwa kuona magofu, lakini shemeji yake amemkataza kulala gesti: eti mtu mzima mwenye duka Lubumbashi hawezi kulala chumba cha feni. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, mezani, mbele ya watu, na jamaa ambaye hajawahi hata kuvuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia.

(Tuelewane: si Kilwa yetu ya Congo, ya Ziwa Mweru. Ni ile ya pwani ya Tanzania, kusini mwa Dar.)

Nililala Kilwa Masoko, nyumba ya mawe na chokaa, vyumba vichache vimezunguka ua. Kitanda cha kamba, chandarua kimetiwa kiraka cha kanga, bafuni ndoo na kata. Mwenye nyumba, ambaye kila mtu alimwita Bi Mkubwa, alinisikia nikitaja bukari, ndivyo sisi tunavyouita ugali, akataka kujua ndiyo kitu gani. Jioni akasonga ugali, akauleta na pweza wa nazi, akasimama pale kungoja hukumu. Nikamwambia ni yenyewe. Pweza kama yule sijaonja tena.

Ila faida kubwa haikuwa chakula. Usiku ule aliniambia maji ya kesho yatakupwa saa ngapi, maana ukichelewa unashuka mashuani mbali na ufuko, unakanyaga tope viatu mkononi. Akamwita nahodha, mpwa wake, bei ikapatanwa mbele yangu. Kibali cha kuona magofu akanikumbusha nikichukue hapohapo Masoko kabla ya kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, yaliko magofu yenyewe. Asubuhi mapema nilikuwa kisiwani. Wageni wa hoteli kubwa walifika jua la utosi, wakapiga picha ngome iitwayo Gereza na Msikiti Mkuu, wakarudi. Husuni Kubwa hawakuiona.

Umefika Kilwa ukaikosa Husuni Kubwa! Ni jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la karne ya 14, juu ya jabali linalotazama bahari, na ndani yake kuna birika la kuogea la pembe nane. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, zama za sultani huyohuyo, akausifu mji. Sarafu ya shaba yenye jina la sultani huyo imechimbuliwa mpaka kwenye magofu ya Great Zimbabwe. Shaba, ndugu zangu! Na sisi wana wa Katanga tuliozaliwa juu ya shaba tunadhani biashara na ng'ambo ilianza na Wabelgiji. Nilikaa ukingoni mwa birika lile hadi nahodha akaanza kupiga mluzi.

Kwa hiyo acheni kulipia vitanda vya kuonyesha watu WhatsApp. Lala karibu na magofu. Lala kwa mtu anayejua maji. Nimeshasema, narudia: lala kwa mtu anayejua maji, na umuulize yeye kabla ya kumuuliza dalali wa mjini.

Dada, badilisha dola zako ukiwa bado Dar, na ubebe noti ndogondogo. Chukua kanga ya kujitanda, kisiwani wanaishi Waislamu na wana heshima zao. Ukifika kwa Bi Mkubwa, omba chumba cha karibu na jiko. Feni yake ndiyo haipigi kelele.