Kabla ya shahada, jifunze kuogelea

Kila ikikaribia tarehe 11 Februari, Siku ya Kimataifa ya Wanawake na Wasichana katika Sayansi, wasichana huniuliza wasome nini ili waje kufanya kazi ya utafiti wa bahari na tabianchi. Huwajibu: jifunze kuogelea. Hucheka. Mimi sitanii.

Nimezaliwa kusini mwa Pemba, mama yangu mkulima wa mwani, na nimemaliza chuo kikuu sijui kuogelea. Kwetu si ajabu. Mtoto wa kike akenda pwani anakwenda kuokota chaza au kufunga mwani, na maji yakimfika kiunoni anageuka. Siku yangu ya kwanza ya utafiti, vipimajoto vilikuwa vimefungwa nje ya mwamba. Wenzangu wa kiume walijitosa, mimi nikabaki ngalawani na kalamu. Nikawa karani wa utafiti wangu mwenyewe.

Mama yangu alilijua tatizo hili kabla yangu. Mwani wa biashara ulipoanza kulimwa Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980, ulipandwa pale mtu anapofika kwa miguu bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likitoka. Maji hayo machache ndiyo yanayopata moto upesi. Cottonii, mwani wenye bei ya maana, ukaanza kuoza na kukatika kambani. Spinosum, aina nyengine ya mwani, unavumilia zaidi, lakini bei yake, Mungu atusaidie. Mahali pa kuukimbizia Cottonii ni kwenye maji marefu, na huko wanawake wasiojua kuogelea hawafiki. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani hapa Zanzibar, amefanya kazi miaka mingi na wakulima wenyewe, akijaribu nao nyavu za mfano wa bomba zinazoweza kuwekwa maji marefu. Nikitaka kumsifu mwanasayansi wa kike, huanza na yeye, kwa sababu alilitazama tatizo pamoja na miguu ya wanaolibeba.

Jambo jengine ni daftari. Nilipima joto la maji kila Jumamosi saa nne asubuhi, miezi mitatu, nikajiona hodari. Bibi mmoja aliyekuwa akinitazama akaniita.

"Mwanangu, Jumamosi ile maji yalikuwa kifundoni, leo yako kifuani. Unalinganisha nini na nini?"

Nilitamani mchanga unimeze. Wiki moja bamvua, wiki ya pili maji mafu, yasiyojaa wala kutoka sana. Saa ni ile ile, bahari siyo. Miezi mitatu ikaenda na maji. Tangu hapo, kabla ya joto naandika mwezi una siku ngapi tangu uandame, maji yanajaa au yanatoka, na upepo ni kusi au kaskazi. Na huwauliza wakubwa kwanza. Shikamoo haina gharama.

Vifaa visikutishe. Mwaka 1856, Eunice Foote wa Marekani alitumia mitungi ya kioo, vipimajoto na jua, akaona mtungi wenye hewa ukaa unapata moto zaidi na unachelewa kupoa. Hata hivyo, mkutanoni matokeo yake yalisomwa na mwanamme. Ukipata nafasi ya kusoma yako, soma mwenyewe, hata sauti ikitetemeka.

Fizikia na hesabu usizikimbie. Watakwambia baiolojia ndiyo ya wasichana. Waitikie, kisha chukua fizikia.

Na kuogelea? Nimejifunza nina miaka 31, mwalimu wangu mtoto wa dada yangu, darasa la nne, mkali kuliko profesa yeyote. Nilivaa suruali ndefu na mtandio niliouzungusha nikaukaza, tukaenda alfajiri watu hawajajaa pwani. Wiki ya kwanza nilikunywa maji ya chumvi ya kutosha kupikia biriani. Bamvua lililopita nilikwenda mwenyewe kukifungua kipimajoto cha nje ya mwamba. Kilikuwa kimeota vigamba vikali, kikanikata kidole, nikarudi nacho ngalawani nikivuja damu na kucheka.