Mweso si bao, mdogo wangu

Mdogo wangu, umeuliza kama ukiandika Kiswahili uuite mweso, mchezo wa Uganda wa kete na mashimo, "bao", kwa kuwa rafiki zako wa Mombasa wamekucheka. Usikubali. Andika mweso.

Ni kweli ubao unafanana: mashimo 32 katika safu nne, kete 64. Lakini keti na wazee pale Jinja utazame. Kila mmoja anapanga kete zake 32 upande wake apendavyo. Kwenye bao la Kiswahili kete nyingine hubaki mkononi, unanamua kwanza, yaani unaziingiza ubaoni moja moja, ndipo uingie mtaji, hatua ya kucheza kwa kete zilizo ubaoni tu. Kuna pia nyumba, lile shimo la mraba, ambalo mweso hauna. Na kula ndiko kunakotofautisha zaidi: kwenye bao unakula safu ya mbele tu, kwenye mweso unazoa mashimo mawili ya mpinzani kwa mpigo, la mbele na la nyuma yake, mradi yote yana kete.

"Kete" litumie bila wasiwasi, ingawa mimi nikicheza husema mpiki, ndivyo baba alivyonifundisha. Ukihofia msomaji wa Pwani atapotea, mwandikie mara moja: mweso, mchezo wa jamii ya bao. Kisha endelea.