Kuku na mbuzi walioachwa na jirani: ni wa nani, na nani awalishe?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Niko Walukuba, Jinja. Jirani yangu alianza kufuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba shule zilipofungwa mwaka 2020. Mwezi uliopita amehamia Kampala. Kuku walikuwa wameacha kutaga, akawaacha kumi na tisa bandani, na mbuzi mmoja kiguru amefungwa kwenye mfenesi. Nimewachukua. Wengine wamesikia, sasa wananiletea wanyama wao. Nyumbani wanasema kulisha kuku asiyetaga ni israfu. Je, wanyama hawa ni wangu? Ni lazima niwachinje? Naweza kupokea zaka niwalishe?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh.

Nianze na israfu, maana naona hilo ndilo linalokuumiza. Al-Izz ibn Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii aliyefariki mwaka 660 Hijria, alipozitaja haki za mnyama juu ya mwenyewe alianza na kumlisha, hata akizeeka au akiugua mpaka hana faida tena. Wasomee hayo hapo nyumbani. Kuku halishwi kwa sababu ya yai tu.

Jirani yako alikuwa na njia tatu: alishe, auze, au achinje. Akikataa zote, mafakihi wetu wanasema hakimu amlazimishe. Kufunga kamba na kupanda taksi si mojawapo. Mtume (s.a.w.) ametueleza habari za mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ale wadudu wa ardhini. Mimi mwenyewe niliwahi kumfungua mbuzi kwenye kiwanja kilichohamwa. Kamba ilikuwa imezama shingoni, tukaikata kwa wembe uzi baada ya uzi, naye hakulia, alikuwa akitafuna na mdomoni hamna kitu. Tangu siku ile hadithi hiyo siwezi kuisoma haraka.

Je, ni wako? Abu Daud, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kwamba mnyama ambaye wenyewe wameshindwa kumlisha wakamwachilia, akaokotwa na mtu akamhuisha, ni wa huyo aliyemhuisha. Wafuasi wa madhehebu ya Hanbali wameichukua hivyo. Shafii wanasema anabaki wa mwenyewe, na wewe umejitolea. Lakini nambari ya simu ya jirani unayo, kwa nini ukae na shaka? Mpigie mbele ya watu wawili, aseme waziwazi kuwa amekupa. Kabla ya hapo usiuze wala usichinje.

Akishakupa, kuchinja ni halali ila si lazima. Ukichinja, noa kisu vizuri, na usimchinje mmoja mbele ya macho ya wenzake.

Zaka hapana. Wanaostahili zaka wametajwa katika sura at-Tawba, aya ya 60, ni makundi manane, na wanyama hawamo. Ukiwa wewe ni fukara, utapewa kwa ufukara wako, na ukishaipokea ni mali yako. Kwa hawa kuku omba sadaka, tena usione haya. Maswahaba walimuuliza Mtume kama tunalipwa kwa ajili ya wanyama, akajibu kwamba katika kila chenye ini bichi, yaani kila kiumbe hai, mna ujira.

Sasa hao unaoletewa. Hapa ndipo ninapokuhofia, ndugu yangu. Anayekuletea kuku getini amejivua mzigo, na umebaki shingoni mwako. Ukipokea hamsini na pumba zako zinatosha thelathini, hadithi ya paka inakuhusu wewe sasa, hata kama nia yako ilikuwa rehema. Hesabu magunia kwanza. Mwambie anayeleta achangie chakula cha miezi kadhaa, na kama hawezi, mkatalie kwa upole na umwelekeze kwa mnunuzi. Kuku anayekoroma au kuharisha mtenge siku ileile, maana al-Izz katika haki hizohizo ametaja mnyama asichanganywe na wa kumdhuru. Majogoo wanaodonoana nao watenge.

Ijumaa ukija msikitini unitafute baada ya swala. Gunia la kwanza la pumba nitatoa mimi.

Wallahu aalam.